Sauti ya bibi yako iko kwangu

Dar, Jumapili usiku

Shoga yangu,

Salama huko Muscat? Watoto hawajambo? Shangazi na magoti yake anaendeleaje? Sisi huku wazima, joto tu, na umeme umerudi sasa ivi ndo nimepata nguvu ya kukaa nikuandikie. Najua utashangaa, barua, tena ndefu hivi. Lakini nifanyeje, nikikupigia WhatsApp haipiti, nyie huko simu za mtandao mmefungiwa, nikipiga ya kawaida dakika mbili salio limekata, nikikutumia voisi ya dakika nane unanijibu "shoga nimesikiliza nusu niko kazini". Haya basi soma, ukichoka unaweka pembeni unarudi kesho.

Nina kitu cha bibi yako. Usianze kulia, ngoja nianze mwanzo.

Wiki mbili zilizopita nilienda Moro kumwona mama. Nikapanda ile treni ya umeme, SGR. Dar mpaka Moro ilianza Juni 2024, Dodoma ikafuata Julai, na mimi muda wote huo naikwepa, nasema nitapanda wenzangu wakishazoea. Shoga, elfu kumi na tatu, umekaa kama bi harusi, kiyoyozi kinakupuliza, dude linakimbia kilomita 160 kwa saa na chai yako haimwagiki, saa mbili hazijafika umeshafika Morogoro. Nilisinzia kidogo tu, nikashtuka nikamuuliza kijana pembeni yangu, mwanangu Chalinze tumeshapita? Akatoa vile vidude masikioni akaniangalia kwa huruma. "Hii haipiti Chalinze mama. Inapita Soga, Ruvu, Ngerengere."

Haipiti Chalinze! Unakumbuka sisi na mabasi, Kibaha foleni, mizani foleni, trafiki anataka leseni, halafu Chalinze ndo dirisha zima linajaa mikono, mayai ya kuchemsha na chumvi kwenye kikaratasi, machungwa, korosho, konda anapiga kelele dakika tano za kuchimba dawa na wewe siku ile ukarudi na ndala moja. Sikudanganyi, foleni ya Kibaha siitamani hata sekunde moja. Ila nimefika kwa mama mikono mitupu. Stesheni yenyewe iko Kihonda, nikachukua bajaji moja kwa moja mpaka mlangoni, mama ananipokea begi, anaangalia nyuma yangu kama kuna mfuko mwingine, anauliza kwa upole kabisa, "Chalinze hamkusimama?" Aibu niliyoipata. Nikatoka tena kwenda kununua machungwa dukani Mji Mpya nikamdanganya nilikuwa nimeyasahau kwenye bajaji.

Mama ana miaka 74 na bado anauza vitumbua pale pale nje, na ana lipa namba shoga, ameibandika kwenye ndoo. Wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" walimtumia meseji, akawajibu "hela ipi mwanangu, bado sijauza". Hawakurudi tena hahaha. Luku namnunulia mimi kutoka Dar, tokeni inaingia kwenye simu yake, halafu ananipigia nimsomee zile namba 20 kwa mdomo kwa sababu miwani hajui kaiweka wapi. Nasoma nne nne, yeye anabonyeza, tukikosea tunaanza upya. Wanangu wanacheka wanasema si bora ungeenda kumbonyezea mwenyewe.

Sasa. Mvua ilikuwa imeingia chumbani kwake, tukawa tunatoa vitu chini ya kitanda tuanike. Kuna bati la biskuti, lile la zamani lenye picha ya farasi. Ndani vyeti vya kliniki, shanga, kitambulisho cha baba cha kiwandani, na kaseti moja. TDK ya dakika 60. Juu mwandiko wa baba: MBARAKA – USIGUSE.

Nilikaa chini. Wewe unaikumbuka kaseti ile, lazima unaikumbuka, kaka alichapwa kwa ajili yake! Baba alivyompenda Mbaraka Mwinshehe na gitaa lake ungesema ni mdogo wake. Bendi zake Morogoro Jazz na Super Volcano, safari ya Osaka kwenye maonesho ya Expo 1970 anaihadithia kama naye alibeba gitaa, ajali ya Mombasa ya 1979 anaihadithia kama alikuwa siti ya nyuma. Na kaseti ile aliirekodi mwenyewe kutoka RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, miaka hiyo redio ndo hiyo hiyo hakuna nyingine, anakaa usiku kidole juu ya kitufe anamsubiri mtangazaji anyamaze. Wimbo mmoja angeweza kuusubiri wiki tatu. Alivyomaliza kuijaza akavunja vile vidude viwili vya juu ili mtu asiweze kurekodi juu yake. Halafu siku moja ikapotea, wote tukahojiwa, kaka ndo alikutwa na uso wa hatia, fimbo.

Nikaigeuza. Vile vitundu juu vimezibwa na karatasi iliyotafunwa.

Nikamwangalia mama. Mama akaanza kucheka, anacheka mpaka anashika ukuta. Kumbe mwizi ni yeye! Anasema ilikuwa 1989, Jumapili, bibi yako kaja mbio mchana, kuna mtu wa kwao anaondoka kesho yake kwenda Muscat na yuko tayari kubeba kaseti ya salamu ampelekee shangazi yako, na maduka yamefungwa kaseti tupu hakuna. Baba hayupo. Mama akampa ya Mbaraka, akaziba vitundu, wakabonyeza nyekundu na plei kwa pamoja, bibi akaongea. Kumbe yule msafiri aliondoka alfajiri bila kupita. Kaseti ikabaki. Mama hawezi kuirudisha kabatini kwa sababu ina bibi yako ndani, hawezi kuitupa kwa sababu ina bibi yako ndani. Akaifukia kwenye bati miaka 36. Baba amekufa hajui. Kaka nimempigia kumwambia, amekaa kimya, kisha akasema anadai fidia.

Redio kaseti ya mama imekufa zamani. Nikarudi na kaseti Dar, nimeizungushia kanga kwenye pochi kama yai. Kariakoo nimezunguka, kila mtu ananiuzia spika za blututhi, mpaka mzee mmoja mitaa ya Aggrey akanielekeza kwa kijana mmoja ghorofani huko juu, chumba kimejaa madeki yaliyofunguliwa tumbo. Kijana mdogo tu, ishirini na kitu, na kaseti amezikuta ukubwani, lakini anazijua! Akatumia kalamu ya Bic kukaza utepe, nikasema huyu kafundwa. Akabadilisha mpira kwenye deki, akasafisha hedi kwa pamba na spiriti, akachomeka waya kwenye laptopu, elfu kumi na tano baada ya kubishana. Na akaniambia mama kaa kimya hii tunaipitisha mara moja tu, utepe umechoka.

Shoga.

Kwanza kishindo cha kitufe. Halafu bibi yako, kama yupo chumba cha pili: "Inaingia? Hii inaingia?" Na mama yangu, sauti ya msichana, "Inaingia bibi, sema." Halafu salamu. Dakika tisa salamu, nimehesabu, mtaa mzima umesalimia mpaka yule muuza mkaa. Halafu bei ya sukari, halafu bati la jikoni linavuja, halafu anataka udi, udi wa kweli sio ule wa mara iliyopita. Sisi tupo! Wewe unaimba kitu nyuma hakieleweki na mimi nakohoa, bibi anasema "tokeni hapa nyie, mtaingia ndani ya mkanda". Tuliingia. Mwishoni anasema "haya basi mwanangu, nisikumalizie mkanda", tak, na gitaa la Mbaraka likaendelea katikati ya wimbo kama mtu aliyekuwa amesimama mlangoni anasubiri bibi amalize.

Fundi hakusema kitu. Mimi nilikuwa natafuta leso.

Zile nyimbo zenyewe, nilikaa usiku ule nikazitafuta YouTube, nyingi zipo, dakika haikuisha. Kitu ambacho baba alikisubiri wiki tatu kidole kikifa ganzi. Ila sauti ya baba mwenyewe sina. Nilikuwa nayo, voisi kama arobaini, "mwanangu nimefika salama", "mwanangu mbona hupokei", zote zilikuwa kwenye simu niliyoporwa pale Buguruni mwaka mmoja kabla hajafariki, na sikuwa nimezihifadhi popote, ningejuaje. Niliibiwa simu nikalia kwa sababu ya namba za wateja! Na hii kaseti imelala na mende chini ya kitanda imetoka nzima. Huwa nakaa nalifikiria hilo mpaka nakasirika, basi naacha.

Sasa jambo la kukuuliza, ndo hasa barua yenyewe.

Yule fundi anatengeneza singeli. Laptopu ile ile, haina herufi moja, ndo studio. Wewe umeondoka kabla singeli haijawa singeli, ulikuwa ni ule mchakacho wa vigodoro, wanachukua taarabu wanaikimbiza mpaka inalia kama kuku, leo vijana wa studio ya Sisso pale Mburahati wanapiga mpaka Ulaya na mapigo mia mbili na ushee kwa dakika. Mimi unanijua, kigodoro kikipigwa mtaani kwetu nafunga madirisha. Lakini huyu kijana alinipigia siku ya pili kwa adabu kabisa, shikamoo mama, naomba kile kipande cha bibi, "mtaingia ndani ya mkanda". Anataka akikate akiweke kwenye biti. Nikamwambia wewe una wazimu. Akanitumia mfano. Nikausikiliza nikiwa nimekunja uso... shoga, nilirudia mara sita. Bibi yako anatisha! "Mtaingia, mtaingia, mtaingia ndani ya mkanda", ngoma zinakimbia na yeye wala hana haraka.

Nikafikiria, Siti binti Saad yule wa taarabu ya Zanzibar, 1928 ilibidi asafiri mpaka Bombay ndo sauti yake iingie kwenye santuri, na bibi yako anaweza akaingia kwenye wimbo kwa kupitia ghorofa la Kariakoo na kaseti ya wizi. Angefurahi au angetulaani? Alikuwa anapenda sifa, tuseme ukweli, ila alikuwa anaswali pia.

Na kuna hili limeniogopesha. Mwanangu wa pili aliposikia akasema mama, siku hizi ukiwa na sauti ya mtu hata kidogo tu unaipa programu ya akili bandia, inamfanya aseme kitu chochote unachotaka. Akataka anioneshe, bibi amtakie heri ya mtihani. Nikamwambia ukithubutu nakuvunja mkono. Sijui kwa nini lile la singeli limenichekesha na hili limenisisimua mwili, labda kwa sababu kwenye singeli maneno ni yake mwenyewe, aliyasema yeye akiwa anatufukuza sisi. Dada yangu anasema ni kitu kile kile naringa tu.

Kwa hiyo bibi ni wako, idhini ni yako na ya shangazi. Nimemwambia kijana asikitoe popote mpaka nimjibu, ameapa, ila vijana unawajua, usikae mwezi. Ukikataa namwambia afute na nitasimama pale pale aifute naona.

Faili nakutumia usiku huu, ni nzito kidogo, pakua ukiwa kwenye waifai. Usimsikilizishe shangazi kwa spika ya simu, chomeka kwenye kitu cha maana. Na mkalishe kwanza, umwambie inahusu nini, si unamletea tu sauti ya mama yake ghafla wakati anakunywa kahawa. Zile salamu usizirushe mbele, wengi wa wale waliotajwa wameshatangulia, atataka kuwasikia.

Kaseti yenyewe naileta kwa mkono wa mtu. Kuna dada wa mtaa wa pili anasafiri kuja huko Alhamisi. Safari hii nimemuuliza saa ya ndege mara tatu na nimeshampelekea kwake kabisa, yuko nayo kwenye pochi, nimeiona ikiingia. Vitundu sijavizibua, karatasi aliyotafuna mama ipo pale pale. Na udi, kama unaweza, mpe arudi nao. Wa kweli.

Wasalimie wote. Mama anasema usimwambie shangazi kwamba kaseti ilikuwa ya baba.

Mimi mwenzio wa Mji Mpya