Barua kwa wazazi wa Kidato cha Nne: kudurusu sayansi likizo ya Agosti

Ofisi ya Mwalimu Mkuu
Nairobi
Mwisho wa muhula wa pili

Kwa wazazi na walezi wa watahiniwa wa Kidato cha Nne,

KUH: KAZI YA KEMIA, FIZIKIA NA BIOLOJIA KATIKA LIKIZO

Hamjambo nyote. Pamoja na barua hii mtapokea ripoti ya muhula na bahasha yenye karatasi za mtihani wa moko (mtihani wa majaribio) za sayansi, zikiwa zimesahihishwa. Naomba bahasha hiyo isiwekwe juu ya kabati ikasahaulika. Ndiyo itakayokuwa kitabu cha mtoto kwa wiki hizi tatu, kwa sababu mtihani wa kitaifa uko mlangoni, na baada ya likizo hii hatapata tena siku nyingi mfululizo za kukaa na makosa yake.

Wengi mmeuliza kama tutakuwa na madarasa ya ziada Agosti. Hatutakuwa nayo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza masomo ya likizo, na hata isingekataza, mtahiniwa wa wakati huu hana haja ya kukalishwa asikilize tena. Silabasi imekwisha. Kilichobaki ni kuandika majibu, kuyasahihisha na kurudia aliyoyakosa mpaka yanyooke, na hiyo ni kazi inayofanyika mezani nyumbani.

Kwanza, jueni alama ziliko. Kila somo la sayansi lina karatasi tatu: ya kwanza alama 80, ya pili 80, na ya tatu, ya maabara, 40. Jumla ni 200. Mtoto anayesema kwamba karatasi ya tatu ataitazama shule ikifunguliwa, kwa kuwa nyumbani hakuna vifaa, ameiweka kando sehemu moja kwa tano ya mtihani. Nitaeleza hapa chini ni kiasi gani cha kazi ya maabara kinawezekana kwa kamba, rula na mifupa ya supu.

Kudurusu kwa kusoma daftari kwa macho, kalamu ya kupigia mstari mkononi, hakusaidii sana. Mtoto akiona aya anayoitambua huhisi anaijua, kumbe kuitambua ni jambo moja na kuiandika bila kuiona ni jambo jingine. Kwa hiyo tumewapa watahiniwa utaratibu huu. Achukue karatasi moja ya mwaka uliopita, aweke saa, aifanye kwa muda kamili bila kufungua kitabu. Karatasi ya kwanza na ya pili za Kemia, kwa mfano, ni saa mbili kila moja. Simu iwe chumba kingine. Siku inayofuata, si usiku uleule, aisahihishe kwa kalamu ya rangi tofauti akitumia mwongozo wa kusahihisha. Kisha kwenye daftari la makosa, kila alama aliyoipoteza aiandikie sababu: sikujua, nilijua nikaandika nusu, au sikusoma swali vizuri. Baada ya siku tatu ayafanye tena yale maswali aliyokosa tu, na mara nyingine baada ya wiki.

Karatasi mbili kwa kila somo kwa wiki zinatosha. Akifanya tano bila kusahihisha hata moja, amechoka bure.

Ninyi wazazi hamhitaji kujua Kemia ili kumsaidia. Msimwulize amesoma saa ngapi. Mwambieni alete daftari la makosa. Likiwa tupu baada ya wiki nzima, kazi haijafanyika. Likiwa limejaa, mchague kosa moja mwambieni awaeleze kwa Kiswahili, au hata kwa Sheng, mpaka mwelewe ninyi msiosoma somo hilo. Atakapokwama kueleza ndipo palipo na shimo. Akimaliza, aliandike jibu lilelile kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya mtihani, na kuna maneno ambayo lazima yawemo ndipo alama itolewe.

Sasa niseme kuhusu Kemia kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo inayowavuta wengi chini.

Swali la kwanza la karatasi ya tatu huwa aghalabu ni titresheni, yaani kupima asidi kiasi gani inatosha kumaliza nguvu ya besi, kemikali iliyo kinyume cha asidi. Katika miongozo ya miaka iliyopita jedwali lake limekuwa likipewa alama 5: kujaza jedwali lote, kutumia desimali kwa usawa, kukaribia jibu la mwalimu, kutafuta wastani kwa njia sahihi, na usahihi wa wastani wenyewe. Alama zote tano zinaweza kupatikana na mtoto wa kawaida mwenye mkono mtulivu. Zinapotea hivi. Bureti, ule mrija mrefu wenye vipimo unaodondosha asidi, ina sufuri juu na 50 chini. Mtoto aliyezoea rula huhesabu kwenda juu, na penye 23.4 yeye huandika 24.6. Au anaandika 23.4 mstari mmoja na 23 mtupu mstari wa pili, na alama ya desimali ikaondoka ingawa alipima sawasawa. Au anatafuta wastani wa namba tatu zilizotofautiana kwa zaidi ya 0.2, wakati zilizokaribiana ndizo pekee zinazofaa kujumlishwa. Wengine huacha faneli juu ya bureti, tone linadondoka baadaye na kipimo kinahama. Wengine huisuuza chupa ya koni kwa myeyusho wenyewe badala ya maji, hivyo besi inazidi kabla hata hawajaanza. Mapovu ya hewa kwenye ncha ya bureti nayo hufanya vivyo hivyo: yakitoka katikati ya kazi, yanahesabiwa kama asidi iliyotumika.

Kusoma bureti kunaweza kufanyiwa mazoezi nyumbani. Mchore mrija kwenye karatasi, sufuri ikiwa juu, mweke mstari mahali popote, naye asome. Mara ishirini kwa siku, dakika tano tu.

Baada ya jedwali huja hesabu ya moli, yaani kipimo cha kiasi cha kemikali, na hapo kosa moja linajirudia kila mwaka. Chukueni mfano: sentimita 25 za ujazo za hidroksidi ya sodiamu yenye ukolezi wa moli 0.2 kwa lita zimemalizwa na sentimita 20 za asidi ya salfuriki. Moli za besi ni 0.2 mara 25 gawanya kwa 1,000, yaani 0.005. Asidi hii humenyana na besi kwa uwiano wa moja kwa mbili, kwa hiyo moli za asidi ni nusu: 0.0025. Zikiwa ndani ya sentimita 20, ukolezi ni 0.125. Mtoto asiyeandika kwanza mlinganyo wa kemikali, unaoonyesha uwiano huo, hupata 0.25, mara mbili kamili ya jibu. Mkiona kwenye karatasi zake za moko jibu ambalo ni mara mbili au nusu ya jibu sahihi, msimlaumu kwa hesabu. Hesabu anaijua, aliruka mlinganyo. Dawa yake ni kuandika mlinganyo uliosawazishwa juu ya ukurasa kabla ya kugusa namba yoyote.

Katika utambuzi wa ioni, yaani chembe zenye chaji zilizomo kwenye myeyusho, zinki, alumini na risasi ndizo zinazochanganya. Zote tatu hutoa mashapo (chembe ngumu zinazojitenga na myeyusho) meupe kwa hidroksidi ya sodiamu, na mashapo hayo huyeyuka ikizidishwa. Kwa amonia, ya zinki pekee ndiyo huyeyuka ikizidishwa. Kutenganisha alumini na risasi, matone ya iodidi ya potasiamu hutoa mashapo ya manjano palipo na risasi. Kosa la mikono ni kumimina kitendanishi, yaani kemikali ya kupimia, chote kwa pupa: mashapo yanatokea na kuyeyuka kwa mpigo, mtoto haoni kitu, anaandika kwamba hakuna kilichobadilika. Tone moja, atikise, atazame, aandike, kisha aongeze. Na kwenye safu ya hitimisho asiorodheshe ioni nyingi akitumaini mojawapo itampa alama, kwa kuwa ioni isiyohusika huharibu ile sahihi.

Fizikia. Mtoto mwenye kamba, nati nzito na saa ya simu anaweza kufanya jaribio la pendulamu sebuleni. Afunge nati, apime sentimita 80 kutoka pale kamba inaponing'inia hadi katikati ya nati (si hadi fundo), aisukume kidogo tu, ahesabu mizunguko 20, kwenda na kurudi ikiwa mzunguko mmoja. Itachukua karibu sekunde 35.9. Akigawanya kwa 20 na kuingiza kwenye fomula, mvutano wa dunia utatoka karibu 9.8. Wengi hutamka “moja” wakati wa kuachilia nati badala ya “sufuri”, hivyo wamehesabu mizunguko 19 wakidhani ni 20: sekunde zinakuwa takriban 34.1, na jibu linaruka hadi karibu 10.9. Alifanye kwa njia zote mbili aone mwenyewe. Akishaona namba ikiruka hivyo kwa neno moja la kuanzia, hatasahau.

Grafu nazo zina alama nyingi zilizo rahisi. Kila mhimili uandikwe jina na kipimo chake. Mizani iwe ya 1, 2 au 5 kwa kila mraba mkubwa. Anayechagua 3 au 7 anajitafutia taabu ya kuweka nukta. Mstari upigwe kwa rula ndefu, penseli iliyochongwa. Pembetatu ya kutafutia mteremko iwe kubwa, ipite nusu ya mstari.

Kwa maswali ya umeme wa nyumbani, tumieni tokeni. Yuniti moja mnayonunua ni kilowati-saa moja. Balbu ya wati 60 ikiwaka saa tano kila siku kwa siku 30 inatumia 0.06 mara 5 mara 30, yaani yuniti 9. Asipogeuza wati kuwa kilowati atapata 9,000, na hakuna nyumba mtaani kwetu inayonunua yuniti 9,000 kwa balbu moja. Mzoesheni kujiuliza kila mara kama jibu linawezekana. Pasi, jiko la umeme, televisheni: wati zimeandikwa nyuma ya kifaa, mwacheni akokotoe.

Katika Biolojia, mkipitia buchari mwombeni muuzaji mfupa wa shingo ya mbuzi, wa mgongo na wa kiunoni, ichemshwe mpaka nyama iachie. Wa shingo una tundu mbili ndogo pembeni, kulia na kushoto, mbali na lile kubwa la katikati unapopita ugwe wa neva wa mgongo. Wa mgongo, penye mbavu, una mwiba mrefu juu. Wa kiunoni ni mnene, na mabawa yake ya pembeni ni mapana, kwa kuwa unabeba uzito na kushika misuli mikubwa. Auchore kila mmoja kwa penseli: mstari mmoja safi bila kutia kivuli, mistari ya majina isipishane wala kuwa na vichwa vya mishale. Kisha akokotoe ukuzaji. Mchoro wa sentimita 12 wa mfupa wa sentimita 4 ni ×3, alama ya kuzidisha ikiwa mbele, bila kipimo chochote nyuma yake. Akiandika “3 cm” amekosa.

Maelezo ya Biolojia hupotea kwa ufupi. Akiulizwa kwa nini kipande cha kiazi kilichowekwa kwenye maji ya chumvi kimelegea, kusema “maji yalitoka” hakutoshi. Lazima aseme maji ya chumvi yana ukolezi mkubwa kuliko utomvu wa seli, maji yakatoka kwa osmosisi kupitia utando unaopitisha baadhi ya vitu tu, na seli zikapoteza ugumu wake. Kila kipande ni alama. Kwenye karatasi ya pili, swali la 6 ni la lazima, kisha huchagua kati ya la 7 na la 8. Kila moja lina alama 20. Kabla ya kuchagua aandike pembeni hoja anazoweza kutoa kwa kila swali, azihesabu. Wengi huchagua mada wanayoipenda, wakaishiwa hoja ya saba.

Kuhusu nyumba. Najua wengine wanaishi chumba kimoja na wadogo zao, na kelele za matatu na baa haziishi mpaka usiku. Maktaba za Buruburu, Kaloleni na Makadara ni za umma, na zinafaa kwa ile karatasi ya saa mbili. Kazi ya kuandika ifanywe asubuhi, kichwa kikiwa chepesi na stima ikiwa si lazima. Jioni zibaki za daftari la makosa. Na alale, mtoto aliyekesha hukosea ishara za kujumlisha na kutoa.

Jambo jingine ni karatasi zinazouzwa kwenye makundi ya Telegram kama mtihani halisi. Msilipe hata shilingi. Aghalabu ni utapeli, na kushika mtihani kabla ya wakati ni kosa chini ya Sheria ya Baraza la Mitihani ya 2012, kwa mtoto na kwa mzazi pia. Matokeo ya mtahiniwa anayepatikana na hatia hufutwa.

Siku ya kufungua, kila mtahiniwa aje na daftari la makosa likiwa na sahihi ya mzazi kwenye ukurasa wa kila wiki, karatasi alizofanya, kikokotozi chenye betri mpya, penseli na rula ya sentimita 30. Walimu wa sayansi watayakusanya asubuhi hiyo na kuyatumia kupanga makundi ya maabara: wanaokosea bureti pamoja, wanaokosea grafu pamoja. Daftari lisiloletwa litamfanya mtoto apangiwe kundi kwa kubahatisha, nasi hatungependa hilo. Mwenye swali kuhusu alama za somo fulani afike shuleni Jumatatu ya kwanza ya likizo, saa tatu asubuhi. Wakuu wa idara watakuwapo hadi saa sita.

Wenu mwaminifu,

Mwalimu Mkuu