Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama, watazamaji wa Jua wa Kampala, salaam.

Nianze na Oktoba 3, maana najua ndiyo mnayoisubiri. Saa tisa na dakika 18 alasiri Jua lilifikia kilele cha mlipuko wa daraja la X9.0 (X ndilo daraja la juu kabisa), mkubwa kuliko yote ya mwaka huu. Ule wa X8.7 wa Mei 14 ulitupita, kwani ulifika kileleni karibu saa mbili usiku, huku Kampala giza limeshaingia. Huu wa Oktoba ulitukuta tayari: darubini iko paani Ntinda, kichujio cha haidrojeni-alfa, kinachopitisha mwanga mwekundu wa haidrojeni tu, kimefungwa, mawingu ya ziwa yameachana kidogo. Picha tulipata. Kipimo cha mwanga wake hatukupata.

Kosa ni langu. Asubuhi niliongeza geini ya kamera, yaani kiasi inachokuza mwanga, ili wageni waone ndimi za gesi ukingoni mwa Jua, nikasahau kuirudisha. Kamera yetu huhesabu mwanga kuanzia 0 hadi 255, na katikati ya mlipuko kila pikseli inasoma 255. Ni kikombe kilichofurika: unajua kimejaa, hujui kiasi kilichomwagika. Katibu alihangaika na picha hizo siku tatu, akakata tamaa.

Milipuko midogo ndiyo iliyotufaa kwa vipimo. Tunaondoa kwanza picha ya giza, ile inayopigwa darubini ikiwa imefunikwa, kisha tunagawanya mwanga wa mlipuko kwa mwanga wa sehemu tulivu ya Jua kwenye picha ileile. Wingu jepesi likipita, hupunguza vyote viwili, uwiano ukabaki karibu palepale. Ila sehemu tulivu ichukuliwe umbali sawa na mlipuko kutoka katikati ya Jua, kwa sababu Jua hufifia kuelekea ukingoni. Waliochukua popote nimewarudishia hesabu zao, wasinune.

Tena, tuache kuandika X au M kwenye picha zetu. Herufi hizo hutokana na eksirei zinazopimwa na setilaiti za GOES za Marekani. Sisi tunaandika ukubwa wa eneo la mlipuko na mng'ao wake: F hafifu, N wa kawaida, B mkali.

Ada zilitengeneza mota ya darubini zikaishia hapo. Mhazini atasoma mahesabu.

Kuanzia Januari, mwenye zamu ahakikishe sehemu tulivu ya Jua haizidi 80 kati ya 255 kabla ya kurekodi, ili mlipuko upate pa kupandia. Nimeiandika kwa wino mwekundu kwenye kifuniko cha sanduku la kamera, nami nikiwa wa kwanza kuisoma.