Barua kwa Elia: kabla hujaingiza data

Dar es Salaam

Elia, ndugu yangu,

Salamu kwa mama Happy na watoto. Barua yako imefika pamoja na picha za boksi. Kumbe wamewanunulia Synology RS1221RP+, kifaa cha mtandao cha kuhifadhia bekapu (nakala za akiba) za seva zenu, na diski nane za TB 8, na mkuu wa chuo anataka iwe inafanya kazi kabla ya mitihani. Inawezekana. Kuifunga kwenye raki (kabati la vyuma la seva) ni kazi ya asubuhi moja tu. Kinachotaka utulivu ni maamuzi ya mwanzo, kwa sababu mengi huwezi kuyabadili ukishaingiza data, labda ufute kila kitu uanze upya. Kwa hiyo nitakawia hapo, mengine nitayapitia haraka.

Kwanza angalia kama reli zimo, maana kwa kawaida huuzwa kando. Usikubali fundi akuwekee kifaa juu ya shelfu kwa hoja kwamba "hakitaanguka"; siku ya kubadilisha kipande cha ndani utajuta. Pima pia kina cha kabati lenu, ukiongeza kama sentimita 10 nyuma kwa ajili ya plagi na kebo kujikunja.

Kifaa ni cha U 2; U ni kipimo cha kimo cha nafasi kwenye raki. Kila U ni milimita 44.45 na ina matundu matatu ya mraba, ila matundu hayo hayajaachana sawasawa. Ndani ya U moja yameachana kwa milimita 15.9, na kati ya U na U ni 12.7. Mpaka wa U uko hapo penye nafasi finyu. Fundi akianza kuhesabu kutoka tundu la kati, reli zitakaa vizuri tu, kifaa kitaingia, halafu swichi ya juu yake itagoma kwa sababu mmekula sehemu ya nafasi yake. Weka alama kwa penseli pande zote nne, mbele na nyuma, kabla ya kubana nati yoyote. Zile nati za M6 za kizimba, zinazonasa kwenye matundu ya mraba, ziingize kwa bisibisi bapa, usitumie vidole, utavikata.

UPS (betri ya akiba ya umeme) ikae chini kabisa, kifaa juu yake. Ingiza kasha tupu kwanza, diski baadaye: diski nane ni kama kilo sita, na ndizo zinazofanya watu wapinde reli. Upande wa diski uelekee kule hewa baridi inakotoka, kwa sababu feni huvuta kutoka mbele na kutoa joto nyuma.

Kabla ya kuingiza diski, soma modeli kamili kwenye lebo ya kila moja na uhakikishe mtandaoni kwamba inaandika kwa njia ya CMR, yaani mistari ya data haipandiani. Zile za SMR, ambazo mistari ya data hupandiana kama vigae, zitakupa moyo siku za mwanzo. Shida huanza diski moja ikifa na RAID (mpango wa kuunganisha diski ili moja ikifa data ibaki) ikianza kujijenga upya. Maandishi mfululizo huzilemea, zinapunguza mwendo, na kifaa kinaweza kuihesabu diski nzima kuwa mbovu kumbe imechoka tu. Mwaka 2020 ilifichuka kwamba hata baadhi ya diski zilizouzwa kwa ajili ya vifaa vya namna hii zilikuwa za SMR bila mnunuzi kuambiwa, kwa hiyo jina la "NAS" (hifadhi ya mtandao) kwenye lebo pekee lisikutulize. Halafu andika kwenye karatasi: trei ya kwanza, namba ya utambulisho ya diski yake, ya pili, hivyo hivyo mpaka ya nane, na ubandike karatasi hiyo ndani ya mlango wa kabati. Siku diski namba 5 ikifa, hutaki mtu achomoe namba 4.

Umeme. RP maana yake kuna pawa saplai mbili. Watu huzichomeka zote kwenye UPS moja wakadhani wamejilinda. UPS ikiharibika, zote zinazima pamoja. Moja iende kwenye UPS, ya pili kwenye saketi nyingine iliyo na kidhibiti cha volteji. Waya utakaoukuta kwenye boksi huenda una plagi ya ukutani, wakati UPS za raki nyingi zina matundu ya C13, kwa hiyo nunua mapema waya za C13 kwenda C14. Kisha unganisha UPS na kifaa kwa kebo ya USB na uwashe mpangilio wa UPS ndani ya DSM (mfumo endeshi wa kifaa), kizime chenyewe kwa usalama betri ikielekea kuisha. Bila ile kebo ndogo ya USB, UPS ni ya kuchelewesha ajali tu. Jaribu kweli: chomoa UPS ukutani, chomoa na ile pawa saplai ya pili, tazama kifaa kinafanya nini.

Sasa programu. Unganisha kebo moja ya mtandao, fungua find.synology.com kwenye kompyuta iliyo mtandao uleule, kitaonekana. Kusakinisha DSM hufuta diski zote, kwa hiyo asije mtu akakuletea diski yenye picha za mahafali akakwambia "weka na hii". Kipe anwani ya IP isiyobadilika. Chagua saa za GMT+3, Nairobi, na uwashe ulinganishaji wa saa kwa NTP. Saa ikikosewa, ratiba na muda wa kuhifadhi nakala vyote vinapotoka.

Hapa ndipo pa kutuliza kichwa. Kwa diski nane za TB 8, chagua RAID 6, inayovumilia diski mbili kufa. Utapata TB 48 za kwenye lebo, ambazo DSM itaziandika kama 43.6 hivi kwa sababu inahesabu kwa mafungu ya 1,024. Mwambie mhasibu mapema asije akasema tumeibiwa. Atatokea mtu wa kukushawishi RAID 5, inayovumilia diski moja tu, ili mpate TB 8 zaidi. Kataa. Diski kubwa hivyo huchukua zaidi ya nusu siku kujengwa upya, mara nyingi siku nzima au zaidi, na muda wote huo RAID 5 haina kinga yoyote ya diski ya pili kufa. Kutoka RAID 5 kwenda 6 unaweza kupanda baadaye kwa kuongeza diski, ila nafasi zote nane zenu zimejaa, na kurudi chini hakuna. Kama kuna hela iliyobaki, nunua diski ya tisa uifungie kabatini. Kusubiri diski isafirishwe mpaka Mwanza huku RAID inachechemea ni presha isiyo na faida.

Mfumo wa faili uwe Btrfs. Active Backup for Business, programu ya bekapu utakayoitumia, inautaka, na huwezi kugeuza ext4, mfumo mwingine wa faili, kuwa Btrfs bila kufuta. Usimbaji fiche wa volyumu (eneo la diski lililoandaliwa kuwekea data) nao huchaguliwa wakati wa kuunda volyumu, si baadaye. Mimi ningeuwasha, ila ujue unakulinda na nini. Ufunguo ukikaa ndani ya kifaa chenyewe, volyumu hujifungua kila kinapowaka. Diski moja ikienda dukani kwa warantii, hakuna atakayeisoma. Mwizi akibeba kifaa kizima, amebeba na ufunguo. Kwa hiyo mlango wa chumba bado unahitaji kufuli. Lile faili la ufunguo wa dharura litoe, liweke kwenye flashi mbili, moja kwenye sefu ya uhasibu na nyingine nje ya jengo. Usiliweke kwenye seva ambayo ndiyo unayoifanyia bekapu!

Suala la akaunti nalo. Seva zenu za Windows ziko kwenye domeni (mfumo mmoja wa akaunti za mtandao mzima), na mtu wa mtandao atataka kifaa kijiunge humo ili paswedi ziwe moja. Usikubali. Wanaoteka data kwa ajili ya kikombozi wakishapata akaunti kuu ya domeni, kitu cha kwanza wanachotafuta ni bekapu waifute. Kifaa kiwe na akaunti zake, paswedi zake, na uthibitisho wa hatua mbili kwa kila msimamizi. Poti 5000 na 5001, milango ya kuingilia DSM, zisifunguliwe kwenye intaneti hata kama mkuu wa chuo anataka kuangalia akiwa safarini. Agosti 2014 programu iliyoitwa SynoLocker ilifunga data kwenye vifaa vya Synology vilivyokuwa wazi mtandaoni na vyenye DSM ya zamani. Mashambulizi ya aina hiyo yameendelea dhidi ya vifaa vya kampuni nyingine pia.

Active Backup ni ya bure kwa idadi yoyote ya seva, unahitaji tu akaunti ya Synology kuiamilisha. Unapounda folda ya kupokea nakala itakuuliza kuhusu ubanaji na usimbaji fiche. Ni swali jingine la mara moja, jibu kwa makini. Kwenye seva unasakinisha ajenti, programu ndogo inayotuma data kwenye kifaa, na ukuta wa moto uruhusu TCP 5510 kwenda kwenye kifaa. Kabla ya kuanza, fungua dirisha la amri kwenye kila seva ya Windows kama msimamizi, andika `vssadmin list writers`, na uhakikishe kila "writer" (sehemu ya Windows inayoandaa data kwa ajili ya bekapu) kwenye orodha yuko "Stable" bila kosa. Kama mmojawapo ameanguka, bekapu itashindwa au itakupa hifadhidata isiyo kamili, halafu utalaumu kifaa bure.

Ile seva ya Linux yenye matokeo ya wanafunzi iangalie kivyake. Nakala ya diski nzima huikuta hifadhidata katikati ya kazi, sawa na umeme kukatika ghafla. Majedwali ya MySQL ya aina ya InnoDB hujirekebisha yakiwaka tena. Ya aina ya MyISAM huenda yasiweze. Weka skripti ya `mysqldump --single-transaction` itoe faili kila usiku kabla ya bekapu, na kama mna MyISAM, muda wa kuyahamishia InnoDB ni sasa.

Bekapu ya kwanza usiipangie saa moja. Poti ya gigabiti hupitisha megabaiti 110 hivi kwa sekunde, kwa hiyo TB 4 ni kama saa kumi kwa hesabu safi, na faili ndogondogo huongeza. Anza Ijumaa jioni, seva moja moja. Kuunganisha poti zote nne kwa LACP, zifanye kazi kama poti moja, hakutaharakisha seva moja. Kunasaidia seva kadhaa zikipeleka kwa pamoja. Baada ya hapo inapeleka mabadiliko tu, na kazi ya usiku haitakusumbua. Weka nakala za kila siku kwa wiki mbili, za wiki kwa miezi miwili, za mwezi kwa mwaka, kisha tazama nafasi inavyokwenda. Ukivuka asilimia 80, punguza. Kuanzia DSM 7.2 kuna pia snapshoti (picha za hali ya data kwa wakati fulani) zisizofutika: hata msimamizi hawezi kuzifuta mpaka muda uliowekwa uishe. Weka siku 14 kwenye folda ya bekapu, ila hesabu nafasi kwanza, kwa sababu hata wewe hutaweza kuzifuta diski zikijaa.

Barua pepe za tahadhari zijaribu mpaka uone ujumbe umefika kwenye kikasha chako. Januari 31, 2017, GitLab, kampuni ya kuhifadhi msimbo wa programu, walifuta hifadhidata yao kwa bahati mbaya, wakaenda kutafuta bekapu, wakakuta hazipo: programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, na barua za kutangaza kosa zilikuwa zinakataliwa na mfumo wa barua kwa kukosa saini sahihi. Kampuni ya wataalamu watupu! Walipoteza data ya saa sita hivi. Kwa hiyo washa pia ripoti za kufanikiwa, ili ukimya uwe ndio dalili ya tatizo.

Kisha rudisha data. Simaanishi faili moja ya Word tu. Active Backup inaweza kuiwasha nakala kama mashine pepe ndani ya kifaa na kukurekodia video ikiwaka, lakini GB 4 za RAM zilizomo hazitoshi kwa hilo. Omba moduli ya RAM ya DDR4 SODIMM ya ECC (inayosahihisha makosa), kifaa kinapokea mpaka GB 32. Tengeneza pia flashi ya kurudishia, uwashe nayo kompyuta isiyo na kitu, urudishe seva nzima. Mara nyingi kinachokwamisha ni flashi kukosa draiva ya kadi ya mtandao, na hilo ni bora ulijue leo.

Nakala ya nje ya jengo ni lazima. Machi 10, 2021 jengo la OVH, kampuni ya kukodisha seva, pale Strasbourg, Ufaransa, liliungua, na baadhi ya wateja walikuwa na seva na bekapu zao mahali pamoja. Kama tawi lenu la pili lina kifaa kingine cha Synology, tumia Snapshot Replication, inayonakili snapshoti kwenda kifaa kingine. Kama halina, tumia Hyper Backup, programu nyingine ya bekapu ya Synology, kwenda diski mbili za USB zilizosimbwa, zikibadilishana kila wiki. Mkifikiria seva za nje ya nchi, taarifa za wagonjwa wa zahanati ya chuo zinaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo mwanasheria wa chuo aulizwe kabla.

Zile diski za USB mnazotumia sasa usizifute mpaka umepata nakala ya mwezi mmoja kamili kwenye kifaa kipya na umeirudisha angalau seva ya matokeo. Ukikwama kwenye reli au kwenye ajenti, nipigie jioni, mchana huwa niko chini ya meza za watu.

Ndugu yako,
Hamza