Bakshishi ya melini ni mshahara, isomwe hivyo

Mhariri,

Kila msimu wa meli za kitalii unapoanza, malalamiko mawili hurudi. Ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani, wanaopanda meli hizo kwa likizo, hulalamika kwamba wamekatwa dola mia mbili na ushei za bakshishi bila kuulizwa, kisha hufundishana namna ya kuzifuta. Huku nyumbani, vijana wa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja huonyeshwa matangazo ya kazi za uhudumu melini yenye mshahara wa kutamanisha, na wengine hurudi wakisema walipwa nusu ya walichoahidiwa. Makundi haya mawili hayajui kwamba yanazungumzia pesa ileile.

Nianze na abiria. Kwenye meli nyingi zinazoondoka bandari za Marekani kama Miami na Galveston, bakshishi huingizwa kwenye bili ya chumba kila siku, kwa kila kichwa. Chumba cha kawaida siku hizi hutozwa kati ya dola 16 na 20 kwa mtu mmoja kwa siku, na vyumba vya kifahari huongezwa dola mbili hadi tano juu yake. Mtoto kwa kawaida hulipa sawa na mtu mzima, isipokuwa mchanga wa chini ya miaka miwili au mitatu, kutegemea kampuni. Kwa kiwango cha dola 18, mume na mke kwa siku 7 watadaiwa dola 252; wakiwa na watoto wawili, dola 504. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya kukata tiketi, kwa sababu kwa kawaida haimo katika bei inayotangazwa. Anayeilipa mapema pamoja na nauli kwa kawaida hubaki na kiwango cha siku aliyolipa, hata kampuni ikipandisha baadaye.

Si kampuni zote zinazotoza hivyo. Meli za Kijerumani za AIDA na Mein Schiff, na za Marella za Uingereza, zimeshajumlisha bakshishi ndani ya nauli. P&O Cruises ya Uingereza ilifanya hivyo mwaka 2019. Kampuni za gharama ya juu kama Seabourn, Silversea na Regent nazo hazitozi kando. Kwa maoni yangu huo ndio utaratibu wa kiungwana, lakini nauli isiyo na bakshishi huonekana ndogo kwenye tangazo, na biashara hii inaendeshwa na bei ya kwenye tangazo.

Panapowaponyoka wengi ni kwenye vinywaji. Kwenye meli zinazotoza bakshishi kando, kila kinywaji kinachouzwa kwa kawaida huongezwa asilimia 18 hadi 20 papo hapo. Kinywaji cha dola 14 chenye asilimia 18 kinakuwa dola 16 na senti 52. Kisha karatasi ya kutia saini inakuja na mstari mwingine mtupu wa bakshishi ya ziada, na mtu asiyesoma juu anaandika dola 2 akidhani hajatoa kitu. Pitisha kalamu kwenye mstari huo, au andika sifuri, kama hukukusudia kutoa mara mbili. Vifurushi vya vinywaji vya siku nzima, migahawa ya kulipia na huduma za kukandwa mwili navyo kwa kawaida huwa na nyongeza hiyohiyo.

Zamani mambo hayakuwa hivi. Abiria alikuwa na meza yake, saa yake ya kula na weita wake safari nzima, na usiku wa mwisho aligawa bahasha: ya mhudumu wa chumba, ya weita, ya msaidizi wake na ya msimamizi wa ukumbi. Kuanzia miaka ya 2000 kampuni zilipoanza kumruhusu mtu ale saa anayotaka, ukumbi anaoutaka, bahasha ikakosa mwenyewe: leo umehudumiwa na huyu, kesho na yule. Hapo ndipo makato ya kila siku yalipoingia. Yana faida moja ambayo bahasha haikuwa nayo: sehemu humfikia mtu wa dobi, muosha vyombo na wengine walio nyuma ya pazia. Nahodha, maofisa na mafundi wa injini hawamo katika mgawo huo, wala hawapewi bakshishi. Wana mishahara yao.

Sasa hili la kufuta. Kampuni nyingi za Marekani humruhusu abiria kwenda dawati la wageni na kuomba makato yapunguzwe au yaondolewe kabla bili haijafungwa usiku wa mwisho. Nyingine hutaka maombi ya maandishi baada ya safari. Inawezekana, basi. Lakini anayedhani anaikomoa kampuni hajui hesabu inavyokwenda. Pale ambapo kampuni haijadhamini mapato ya wahudumu (nitalieleza hilo mbele), pesa hiyo haikuwa faida ya kampuni hata ikapungukiwa; inapungua kwenye mfuko wa wahudumu. Wapo wanaofuta kisha wakampa mhudumu wa chumba noti mkononi, wakijiona wametenda haki zaidi. Katika baadhi ya kampuni, mhudumu aliyepewa noti na abiria aliyefuta makato hutakiwa kuiwasilisha kwenye mfuko wa wote, na wakubwa wake wana orodha ya vyumba vilivyofuta. Asipoiwasilisha, anahatarisha kazi yake. Unamwachia mtihani badala ya zawadi.

Kama chumba ni kichafu au weita ni mkorofi, sema siku ya kwanza au ya pili, kwa msimamizi wa vyumba au wa ukumbi. Bado kuna siku tano za kurekebisha. Kungoja usiku wa mwisho ukafute dola 252 kwa sababu ya taulo ni kumwadhibu mpishi kwa kosa la dobi.

Anayetaka kuongeza juu ya makato, atoe noti ndogo za dola au yuro, mkononi kwa mhusika. Shilingi na sarafu si msaada: mhudumu kutoka Ufilipino au Indonesia hana pa kuzibadilisha. Aliyekuletea chakula chumbani, dola mbili au tatu zinatosha. Na wachukuzi wanaopokea mabegi gatini Miami si watu wa meli, ni wafanyakazi wa bandari. Makato ya melini hayawafikii, na desturi ni dola moja au mbili kwa begi.

Niwageukie vijana wanaotafuta kazi, ambako pesa hii ina uzito zaidi. Kiasi kinachotangazwa mara nyingi ni jumla ya vitu vitatu vilivyochanganywa: mshahara wa msingi, saa za ziada zilizokwisha kuhesabiwa ndani, na mgawo wa bakshishi. Kampuni nyingine huandika mapato ya mwezi yaliyodhaminiwa. Maana yake ni kwamba bakshishi hutumika kwanza kujaza pengo kati ya mshahara wa msingi na kiasi hicho, na kampuni huongeza tu pale zinapopungua. Chukua mfano: msingi dola 600, dhamana dola 1,200. Abiria wakitoa 500, kampuni inaongeza 100. Wakitoa 600, haiongezi kitu, na mhudumu anapata 1,200 ileile. Ndiyo maana abiria anaweza kulipa kila senti ya makato yake na mhudumu asione tofauti yoyote. Na ndiyo maana kwanza uulize msingi ni kiasi gani, halafu dhamana ipo au haipo, na kama ipo, kinachozidi dhamana kinakwenda kwa nani. Majibu yawe kwenye mkataba, si kwenye simu.

Pale pasipo na dhamana, ujue bakshishi inafuata abiria. Meli ikiingia chelezoni kwa matengenezo, hakuna abiria, hakuna mgawo. Ikivuka bahari kubadilisha eneo la kazi, mara nyingi husafiri na vyumba vitupu. Mwaka 2020 meli ziliposimama kwa sababu ya korona, mapato hayo yalikatika mara moja. Mkopo wa nyumbani usipangwe kwa kuhesabu bakshishi ya mwezi mzuri.

Sheria inayomlinda mfanyakazi huyu ipo. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), ulianza kutumika Agosti 2013. Kenya iliuridhia 2014 na Tanzania 2019. Mhudumu wa chumba na mpishi nao ni mabaharia mbele ya mkataba huo. Unasema kazi isizidi saa 14 katika saa 24 na saa 72 katika siku 7, au kwa meli zinazohesabu mapumziko, yasipungue saa 10 kwa siku na 77 kwa wiki. Unasema mfanyakazi apewe kila mwezi karatasi ya hesabu ya anachodai na alicholipwa. Karatasi hizo zitunzwe zote, zipigwe picha, zitumwe nyumbani. Bila hizo, dai la bakshishi halina miguu. Kima cha chini cha ILO, dola 690 kwa mwezi kuanzia Januari 2026, kinatajwa sana na mawakala, lakini kimepangwa kwa baharia mwenye ujuzi wa sitaha na kipo katika sehemu ya mwongozo wa mkataba, isiyo ya lazima. Mhudumu asije akadanganywa kwamba ni haki yake moja kwa moja.

Kuhusu ada za mawakala, mkataba hauna utata: anayetafuta kazi hatozwi kwa kutafutiwa kazi. Anachoweza kugharimia mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Gharama ya viza ni ya mwenye meli. Wakala anayedai ada ya kuhifadhi nafasi, hata akikuonyesha barua yenye nembo ya meli, ulizia leseni yake kwenye mamlaka za usafiri wa majini, yaani KMA kwa Kenya, TASAC kwa Tanzania bara, au ZMA kwa Zanzibar, kabla hujatoa shilingi.

Kuna upande mmoja zaidi unaotuhusu moja kwa moja. Abiria wanaoshuka Mombasa kwenda Fort Jesus au Tsavo Mashariki, na Zanzibar kwenda Mji Mkongwe na mashamba ya viungo, hudhani bakshishi waliyokatwa melini inamfikia dereva na mwongoza watalii. Haimfikii hata senti. Tena hushuka mikono mitupu, kwa sababu melini kila kitu hulipwa kwa kadi ya chumba. Wenye kampuni za utalii waache aibu: mwongozaji aseme mapema, gari likiwa bado bandarini, kwamba ziara haijajumlisha bakshishi, na gari lipite penye mashine ya kutolea pesa njiani, si wakati wa kurudi ambapo kila mtu anakimbilia meli. Shilingi ni bora. Noti za dola za kabla ya 2006 hukataliwa na mabenki na maduka mengi ya kubadilishia fedha, na sarafu za chuma za kigeni hazibadilishwi kabisa. Dereva anabaki na pesa asiyoweza kuitumia. Kwa Tanzania, kanuni za Machi 2025 pia zinataka malipo ya bidhaa na huduma za ndani yafanywe kwa shilingi, hivyo kumzoeza mgeni shilingi kunaondoa ubishi.

Ombi langu kwa gazeti lako, Mhariri, ni moja. Tangazo lolote la kazi za melini mnalolipokea lisichapishwe bila namba ya leseni ya wakala, jina la kampuni ya meli, na mshahara wa msingi ukiwa umeandikwa peke yake, mbali na bakshishi. Wakala wa kweli anavyo vyote vitatu mezani kwake.

Mdau wa masuala ya mabaharia,
Mombasa