Kadi ya kliniki ya oposumu

Columbus, Ohio
Jumapili, mwisho wa Septemba

Mama yangu, shikamoo.

Natumaini hapo Kihonda mko wazima na goti la Baba limetulia. Mimi sijambo. Baridi imeanza kupiga hodi asubuhi, ila koti la mwaka jana bado lanitosha.

Sababu ya barua hii ni Hamisi. Picha ya mnyama wa huku niliyomtumia yeye peke yake, nasikia ameipeleka hadi kwa muuza genge, na sasa mtaa mzima unajua kwamba huku naishi na panya mkubwa kama mbuzi. Shangazi amenipigia kuniuliza kama nyumba yangu ina mlango. Wewe umepima watoto kliniki miaka 30 na hupendi uzito wa kukisia, basi ngoja nikueleze.

Si panya. Anaitwa oposumu, na watu wake wa karibu ni akina kangaruu, maana jike analelea watoto kwenye mfuko wa tumboni. Marekani na Kanada hakuna mnyama mwingine wa asili wa aina hiyo. Panya buku wetu, hata wale wa pale Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) wanaofundishwa kunusa mabomu, mfuko wao uko mashavuni na kazi yake ni kubebea chakula. Mwaka 1612 Mwingereza mmoja aliyekuwa Virginia aliandika kwamba mnyama huyu ana kichwa cha nguruwe, mkia wa panya na ukubwa wa paka. Imepita miaka mia nne na mimi sina la kuongeza. Paka, Mama. Mbuzi ni wa Hamisi.

Kilichomdanganya ni manyoya. Picha niliipiga wakati wa baridi, mnyama kajiumua kama kuku anayeatamia. Kesho yake nilitoka na futi nikapima ubao wa uzio aliokuwa amesimama sambamba nao: kutoka pua hadi ncha ya mkia, sentimita 75 hivi, na zaidi ya theluthi ni mkia mtupu usio na manyoya. Kwenye mizani sijamweka, ana meno 50 na mimi vidole navihitaji kazini. Lakini wanaowapima wanasema jike akifika kilo 3 na kitu ni mnene, na dume kubwa huweza kupita kilo 6.

Sasa sikiliza sehemu yako, mkunga. Mimba yao ni siku 12 au 13 tu. Mtoto anazaliwa na ukubwa wa nyuki, hajafika hata robo ya gramu, haoni, na anapanda mwenyewe kwa mikono kwenye manyoya ya mama hadi aingie mfukoni. Humo kuna chuchu 13. Wanaweza kuzaliwa 20, na aliyechelewa kushika chuchu ndiyo basi. Wanaoshika wanang'ang'ania hapo miezi miwili, kisha wanatoka kupanda mgongoni, na kwenye siku ya 100 hivi wanaachishwa. Ungechora kadi yake ya kliniki, mstari ungetoboa karatasi.

Nami kadi yangu nilikuwa nayo, ya kichwani. Mara ya kwanza nilimkuta Septemba ya mwaka jana, nikitoka zamu ya usiku ghalani, saa kumi na moja alfajiri, yuko kwenye mapipa ya taka. Angeenea kwenye sufuria yako ndogo ya maharage na mfuniko ungefunga. Januari barafu ilimla ncha ya sikio la kushoto. Asili yao ni joto, masikio yao hayana manyoya, na huku kaskazini wengi wana alama hiyo. Ndipo nikaweza kumtofautisha na wenzake. Kufika Aprili alikuwa wa sufuria ya pilau.

Alikuwa anakula nini? Bakuli la paka wa mzee jirani, lililolala nje kila usiku. Na ugali wangu, nakiri, pamoja na vichwa vya dagaa. Wa mjini huwa wazito kuliko wa porini kwa sababu hiyo hiyo, shibe iko karibu na matembezi ni mafupi. Tena hawaachi kabisa kukua wakishapevuka, wanaongezeka polepole hadi kufa. Ila kufa kwenyewe ni karibu, akimaliza miaka miwili huyo ni mzee wa ukoo. Ukisikia oposumu mkubwa, ujue amewahi kushinda magari na baridi.

Kushiba nako kuna hasara. Kule Leipzig, Ujerumani, bustani ya wanyama ilikuwa na mmoja aliyeitwa Heidi, makengeza, akapendwa dunia nzima mwaka 2011. Wakasema huenda ni mafuta yaliyojaa nyuma ya macho, wakampunguzia chakula. Nilipomsimulia jirani, alicheka, lakini tangu siku hiyo bakuli linaingia ndani jua likizama.

Halafu kuna siku nilifungua mlango kwa kishindo akaanguka chali, ulimi nje, na harufu sitaisimulia. Nikajua nimeua. Nikakaa ngazini kutafuta maneno ya kumwambia jirani. Baada ya nusu saa akatikisa sikio, akainuka, akaenda zake. Si ujanja kama wa Hamisi akisikia habari ya kuchota maji. Yeye mwili unaganda wenyewe, bila kutaka.

Mimi nilidhani ni dume. Mwezi Mei akapita juu ya uzio na watoto mgongoni, nilihesabu saba, wa nane sina uhakika. Tangu Agosti sijamwona.

Juzi alfajiri pipa lilicheza. Nikamulika. Masikio yote mawili mazima, mkia mwembamba, ametulia tu ananitazama. Ukubwa wa panya buku, Mama. Usimwambie Hamisi.

Msalimie Baba na Shangazi. Hela ya dawa nitatuma tarehe tano.

Mwanao,
Juma