Kikohozi cha mtoto kisitibiwe kila mara kama kipya

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie kikohozi cha watoto wadogo, kile kinachotulia wiki moja na kurudi wiki inayofuata, hadi nyumba nzima ikakizoea. Kinachonikera ni namna kinavyoshughulikiwa. Mtoto hupelekwa kituo cha afya, hupewa dawa ya maji pamoja na antibiotiki, hupata nafuu ambayo mara nyingi angeipata hata bila dawa hizo, na akirudi baada ya mwezi hupokewa na mhudumu mwingine anayeanza moja, kana kwamba mtoto huyo hajawahi kukohoa maishani mwake, wala hakuna anayejiuliza kama huenda ni pumu.

Ni kweli kwamba si kila kikohozi cha muda mrefu ni pumu. Mtoto mdogo anaweza kupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka, na kila mara kikohozi kikaendelea kwa wiki mbili au tatu baada ya homa kwisha, kwa hiyo si ajabu mzazi akaona kama mtoto hapumziki kabisa. Kikohozi kinachopita wiki nne, hata hivyo, kinastahili kuchunguzwa. Uchunguzi ufanyike mapema zaidi ikiwa mtoto anakonda, anaishi na mtu mwenye kifua kikuu, au alianza kukohoa ghafla baada ya kupaliwa, kwani punje ya karanga iliyokwama katika njia ya hewa haitaondolewa na dawa yoyote ya chupa.

Pumu ina mwenendo wake. Kikohozi huzidi usiku na alfajiri, huchochewa na kukimbia, kucheka, kulia, moshi au hewa ya baridi, hujitokeza hata mtoto asipokuwa na mafua, na mara nyingi huandamana na sauti kama ya mluzi anapotoa pumzi. Shaka huongezeka ikiwa baba, mama au ndugu ana pumu, au mtoto mwenyewe ana ukurutu wa ngozi. Ugumu ni kwamba kwa mtoto aliye chini ya miaka 5 hakuna kipimo kimoja cha kumaliza ubishi, maana kupuliza kwa nguvu katika mashine ya kupima mapafu kunahitaji utulivu ambao mtoto wa miaka 3 hana, na hakuna wa kumlaumu. Daktari hutegemea historia, na mwenye historia ni mzazi.

Hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa sababu mtoto aliyekesha akikohoa saa tisa usiku hufika kwa daktari saa nne asubuhi akiwa anacheza, kifua kikisikika safi, na mama huonekana anatia chumvi. Nawashauri wazazi wawe na daftari dogo la kuandika tarehe, saa, alichokuwa akifanya mtoto kabla ya kukohoa, dawa aliyopewa na kama ilimsaidia. Simu nayo ina kazi hapa: mrekodi mtoto usiku akiwa ameinuliwa nguo, ili kifua kionekane na pumzi isikike. Rekodi ya dakika moja inaweza kumwonyesha daktari kile ambacho mzazi angeshindwa kukieleza kwa maneno.

Jambo la pili ni hofu ya dawa ya kuvuta. Wapo wanaoamini kwamba pampu ni ya wagonjwa waliofikia hatua ya mwisho, au kwamba mtoto akiianza hataiacha. Imani hiyo inawatesa watoto bure. Salbutamol ya kuvuta, dawa inayotanua mirija ya kifua iliyobana, hufika moja kwa moja kwenye njia za hewa kwa dozi ndogo, ilhali ya kunywa huchelewa kufanya kazi na humfanya mtoto atetemeke na moyo umwende mbio. Mtoto mdogo huipokea kupitia chemba ya plastiki yenye barakoa: pampu hutikiswa, barakoa hufunika pua na mdomo bila kuacha upenyo, dawa hubonyezwa mara moja, kisha mtoto huachwa apumue kawaida mara tano au sita kabla ya kubonyeza tena. Daktari akishuku pumu, anaweza pia kuagiza steroidi ya kuvuta, yaani dawa ya kutuliza uvimbe ndani ya njia za hewa, kwa dozi ndogo kila siku kwa miezi miwili au mitatu, kisha akaisimamisha na kuangalia kama dalili zinarudi. Mzazi anayeiacha wiki ya kwanza kwa sababu mtoto amelala vizuri huwa ameharibu jaribio lenyewe. Na matokeo ya jaribio hilo yanaweza kupotoshwa katika nyumba ambamo mtu mzima anavuta sigara.

Kuna hali ambazo hazisubiri daftari wala miadi. Mtoto anayebonyea chini ya mbavu kila anapovuta pumzi, anayeshindwa kunyonya au kunywa, au ambaye midomo yake inageuka rangi kuwa ya samawati, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa mtoto wa miaka 1 hadi 5 ambaye, akiwa ametulia, anapumua mara 40 au zaidi kwa dakika nzima. Kwa wa miezi 2 hadi 11 kiwango ni mara 50.

Kwa wahudumu wa afya nina ombi moja. Mnapomwona mtoto kwa kikohozi kilichorudi, andikeni kwenye kadi yake kwamba pumu inashukiwa au haishukiwi, kwa sababu gani, na tarehe ambayo anatakiwa kuonekana tena hata akiwa hajambo, ili atakayempokea siku hiyo aendeleze pale mlipoishia.

Wako,
Mzazi na msomaji wa gazeti hili