Marubani wasiokuwa na mwalimu pembeni

Paris

Mpendwa Salim,

Salamu nyingi, nyumbani wote hawajambo? Barua yako nimeipata. Unasema umechoka kujifunza kurusha ndege na mwalimu aliyekaa ubavuni, kila ukigusa usukani na yeye anao wake. Ndugu yangu, mshukuru Mungu kwa mwalimu huyo.

Jumamosi nilikwenda makumbusho ya Arts et Métiers. Humo, katika kanisa la zamani, imetundikwa ndege ya Blériot XI ileile aliyoirusha Mfaransa Louis Blériot juu ya bahari, kutoka Calais, Ufaransa, hadi Dover, Uingereza, tarehe 25 Julai 1909. Alikuwa angani dakika 36 hivi, bila dira, kwa injini ya Anzani ya nguvu za farasi 25 tu. Ina safu moja ya mabawa, mbao na nyaya. Vile vibao unavyovisogeza wewe ukingoni mwa bawa haina. Kuilaza upande, rubani alilipinda bawa lenyewe kwa nyaya.

Na kiti ni kimoja. Mwalimu akae wapi? Katika shule za urubani za Blériot mwanafunzi alielekezwa akiwa chini, kisha akaachiwa mashine. Alianza na waliyoiita Pengwini: ndege iliyopunguzwa mabawa, haipai hata uilazimishe. Kazi yake ilikuwa kuikimbiza uwanjani iende moja kwa moja, nayo inataka kuzunguka. Akiiweza, alipewa inayoinuka kidogo, aruke na kushuka palepale mbele; ndipo kimo kikaongezwa. Wamarekani waliojitolea kuipigania Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza walipitia hatua hizo huko Avord, Ufaransa. Mimi naiona ni busara kubwa: mikono na miguu ilizoea mashine kabla hofu ya kimo haijaingia.

Lakini kazi waliyofundishiwa ndiyo inayoniuma. Tarehe 23 Oktoba 1911 Kapteni Carlo Piazza wa Italia aliruka na Blériot kutoka Tripoli kwenda kuzitazama kambi za Waturuki upande wa Azizia. Ilikuwa mara ya kwanza ndege kupeleleza adui vitani, na ilikuwa juu ya ardhi ya Afrika, katika vita vya kuinyakua Libya. Tarehe 1 Novemba mwenzake Giulio Gavotti, katika ndege nyingine ya safu moja ya mabawa, Taube, akadondosha mabomu kwa mkono. Siku tisa tu zilitosha kutoka kuangalia hadi kushambulia.

Tena upelelezi wenyewe ulikuwa mgumu. Tarehe 19 Agosti 1914 Kapteni Philip Joubert de la Ferté wa Uingereza alitumwa na Blériot kuipeleleza Ubelgiji, akapotea. Alitua Tournai, halafu Courtrai, miji ya hukohuko Ubelgiji, ndipo akarudi kambini. Hebu mfikirie: peke yake, upepo usoni, ramani mkononi, adui mahali fulani chini.

Mmeshaanza safari za kufuata ramani? Nieleze mnavyofanya, nataka kujua kila kitu. Na siku utakayoachiwa ndege peke yako, niandikie usiku huohuo. Mama nisalimie sana.

Rafiki yako,
Neema